Mtoto wa Kwenye Televisheni

Kwanza tuelewane: katuni haizaliwi ikijua Kiswahili. Kuna mtu anakaa ndani ya kachumba kasiko na dirisha, kuta zimebandikwa magodoro machakavu ili honi za barabarani zisiingie, anatazama midomo ya wale watu wa kuchorwa na kuisemea. Wakicheka anacheka, wakipaliwa na chai anapaliwa na hewa tupu. Akitoka humo anapanga foleni ya mkate kama wewe na mimi. Mwanamke ninayemsimulia alikuwa mtu huyo, na mtaani walimwita Mama Katuni. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye, na walioanzisha jina hilo walilijua hilo vizuri sana, lakini utani wa mtaani hauangalii unamwangukia nani, na yeye alishazoea kuitika.

Katuni yenyewe ilikuwa ya familia moja tu. Baba, mama, bibi, na watoto wawili, wote vichwa duara kama mpira, vidole vinne vinne kila mkono. Cha tano sijui walimgawia nani. Baba ni fundi wa kila kitu na hajui kutengeneza chochote. Akishika bomba, jikoni kunakuwa bwawa. Bibi ni kiziwi wa kuchagua: akiitwa kula anasikia, akiitwa kuosha vyombo hasikii. Hakuna kinachotokea humo, nakwambia ukweli. Kipindi kizima wanaweza kutafuta soksi moja. Lakini watu waliipenda, wazee kwa watoto, na ukiwauliza kwa nini wanakuna vichwa. Mimi naona ni hivi. Katika nyumba ile mlango ukigongwa, ni jirani anarudisha ngazi. Simu ikilia, ni shangazi anauliza hali. Hakuna anayeletewa habari mbaya. Wanagombana, ndiyo, tena kila siku, lakini ugomvi wao una adabu, ukifika muda wa chakula unakwisha. Mama anaita, "Njoo, mama, njoo ule," mtoto anatoka alikokwenda kununa, anaburuta miguu mpaka mezani, na mambo yamekwisha. Sasa niambie, kwako mambo yanakwisha hivyo? Kwangu hayaishi.

Na hilo "njoo, mama" lilikuwa la Mama Katuni mwenyewe. Mfasiri, mwalimu mstaafu mwenye kujali sana maandishi yake, alikuwa ameandika "njoo, mpenzi".

"Mpenzi?" Mama Katuni aliuliza siku ile ya kwanza, karatasi mkononi. "Mwalimu, wewe mama yako alikuita mpenzi?"

"Ndivyo walivyoandika kule."

"Basi kule. Huku mtoto wa kike anaitwa mama. Halafu mtazame mdomo unavyofunguka: mara mbili. Ma-ma. Hilo mpenzi lako litabaki linaning'inia nje."

Nyuma ya kioo, fundi sauti aliyeitwa Masikio, kwa sababu alikuwa anasikia hata tumbo la mtu likinguruma chumba cha pili, alicheka mpaka akavua vile vya kuvaa masikioni. Katika kazi yao hilo waliliita kujaza mdomo: neno lisizidi mdomo wala lisipungue. Mwalimu alinuna. Lakini neno likabaki, na baada ya wiki chache akina mama mtaani walikuwa wakiwaita mabinti zao kwa sauti ile ile ya kuvuta, "Njoo, maaama, njoo ule." Mwenye duka aliwahi kumwomba Mama Katuni amsemee mkewe hivyo kwenye simu, eti labda leo atarudi nyumbani. Akasema. Mke hakurudi, lakini walicheka wote wawili.

Akimaliza kucheka huko ndipo alipokuwa anarudi kwake.

Kwake aliishi na mama yake mzazi, vyumba viwili na jiko, kitanda cha mama kikiwa sebuleni penye televisheni. Huyo bibi alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye chumba cha kufulia nguo hospitalini, na hata sasa ukimwachia taulo mapajani atalikunja pembe kwa pembe, atalikunjua, atalikunja tena. Mikono ilikumbuka. Kichwa ndicho kilichokuwa kinavuja. Kilianza na vitu vidogo, birika lililoachwa juu ya moto, jina la mtaa, kisha kikapanda mpaka kwa watu, na wa mwisho kupotea alikuwa binti yake.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanao."

Bibi alikuwa akimtazama kwa heshima zote, kama mtu anayedanganywa na mgeni na hataki kumuumbua. "Haya, dada. Kama unasema."

Siku nyingine alikuwa nesi. Siku nyingine alikuwa yule mwanamke anayeuza sabuni. Kuna asubuhi alimwita "mama", kama alivyokuwa akimwita tangu hajaota meno, na Mama Katuni akadondosha sufuria, akapiga magoti mbele ya kiti. "Naam! Naam, mama!" Bibi akasema tena, kwa sauti ndogo ya kudeka, "Mama, leo shule nisiende, tumbo linauma." Kumbe alidhani anaongea na mama yake yeye, aliyezikwa zamani. Mama Katuni akabaki pale chini, supu imemmwagikia miguuni, akamwambia sawa, leo usiende.

Katika dunia hii alikuwa akitaka kitu kimoja tu, na hakukificha. Alitaka mama yake amtambue, hata mara moja, kabla hajaondoka. Alimwambia jirani wa mlango wa pili, mjane mnene mwenye kucheka sana, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa na bibi mchana. Alimwambia Masikio. Alimwambia na daktari, na daktari akakuna kidevu, akasema tusitarajie makubwa.

Zaidi ya hayo bibi alikuwa ameanza kukataa chakula. Kijiko kikija anageuza uso. Jirani alibembeleza, aliimba, alifoka, wapi!

Sasa sikiliza kilichotokea. Jioni moja, jua halijazama, Mama Katuni anarudi kazini, anafika mlangoni anamkuta jirani amesimama na bakuli, mdomo wazi. Televisheni imewashwa. Kwenye kioo, yule mama wa kichwa duara anatoa sufuria jikoni na kuita, "Njoo, mama, njoo ule!" Na bibi, ambaye kwa siku nyingi hakuwa ameinuka bila kushikwa kwapani, alikuwa wima.

"Naam, mwanangu! Nakuja!" alisema, na uso umemchanua.

Akaburuta miguu mpaka mezani, akakaa, akala bakuli zima.

"Jana alitaka kuinuka, leo kainuka kweli," jirani alinong'ona. "Anasema mwanawe anamwita."

Umeelewa? Mama wa katuni alikuwa anamwita binti yake wa kuchorwa. Bibi alikuwa anasikia mwanawe anaita, "Mama." Sauti alikuwa anaijua! Uso wa mwanawe ulishampotea, jina lilishampotea, lakini sauti ile ilikuwa bado iko mahali pake, na ilikuwa inamwita kwa jina lake. Mama Katuni alisimama pale na mkoba begani, furaha imemkaba na wivu umemkaba, hajui kipi kinaumiza zaidi. Akasogea, akainama, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kazini, "Kula, mama. Kula ushibe."

Bibi akamtazama, akamgeukia jirani. "Na huyu naye," akasema, "anamuiga mwanangu!"

Jirani alicheka, halafu akaona aibu kucheka.

Kesho yake Mama Katuni akajaribu jambo lingine. Akaenda nyuma ya mlango wa chumba, akaurudishia, akaita kutoka huko, "Mama!"

"Naam, mwanangu! Uko wapi siku zote hizi?"

"Niko kazini, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

"Nimekuona kwenye televisheni. Mbona kichwa kimekuwa duara hivyo? Ni mafuta hayo unayokula, punguza."

Alicheka huku machozi yanamtoka, kaegemeza paji la uso kwenye ubao. Waliongea. Bibi alimuuliza kama ana viatu vya mvua. Alimuuliza kama bosi wake ni mkali. Tangu ugonjwa uanze hawakuwahi kuongea kiasi hicho, na ungekuwa wewe ungefanya nini? Angebaki huko huko nyuma ya mlango mpaka kesho. Lakini moyo ulimshinda, akaufungua. Uso wa bibi ukashuka kama pazia.

"Samahani, dada," bibi alisema, akijaribu kuchungulia nyuma yake. "Mwanangu alikuwa hapo sasa hivi. Hujapishana naye?"

Hakurudia tena mchezo ule. Kila mara angelazimika kutoka, na kila mara angekuwa yeye ndiye aliyemfukuza yule mwana. Akajaribu kumrekodia maneno kwenye simu. Bibi aliigeuza simu huku na huku, akaogopa, akaitia chini ya mto. Alitaka sauti yenye uso. Alitaka ule uso unaocheka, katika ile nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuugua.

Kazi ile ina siri yake. Mtu wa katuni akikupa kisogo, mdomo wake hauonekani, na mdomo usioonekana hauna wa kuupima. Unaweza kuujaza unachotaka. Na mama wa katuni ni mtu wa kisogo sana: anaosha vyombo, anachungulia jiko, anaanika nguo. Basi Mama Katuni akaanza kidogo kidogo. "Mama, umemeza dawa?" Mama wa katuni anaosha vyombo. "Mama, kaoge, maji ya moto tayari." Mama wa katuni anaanika nguo. Vipindi vilipotoka hewani, bibi alimeza dawa aliyokuwa akiitema, akaenda kuoga bila vita, na jirani akasema huu sasa ni muujiza. Watazamaji wengine walishangaa kidogo kwa nini mtoto mzima wa afya anaulizwa dawa kila siku, ila katika katuni ile hakuna aliyeshangaa kwa muda mrefu.

Masikio alisikia kila kitu. Ndiyo kazi yake. Alimtazama kupitia kioo, akasema tu, "Hilo limeingia vizuri. Tuendelee." Mwalimu alisikia pia, akauma maneno, akaendelea kununa kwa ajili ya lile "mpenzi" lake.

Sasa mtu akishapata kidogo hutaka kikubwa. Simlaumu, na anayemlaumu aje kwanza akae mbele ya mama yake aitwe muuza sabuni. Siku moja wakaletewa kipindi ambacho mama wa katuni anakaa muda mrefu akiwa amegeukia sinki, dirisha mbele yake, binti yake mezani nyuma anachora. Kwenye karatasi aliandikiwa kuimba kidogo. Mama Katuni hakuimba. Alisogelea maikrofoni, na akasema polepole:

"Mama, yule mwanamke anayekaa kitandani kwako jioni, usimwogope. Ni mimi yule. Mshike mkono."

Masikio hakusema limeingia vizuri. Alisimamisha picha. "Hilo tuliache?" akauliza.

"Liache."

"Dada yangu..."

"Liache, nakuomba."

Akaliacha. Likapita, kwa sababu wa kulikamata walikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, kama kila mtu.

Siku lilipotoka hewani alirudi mapema, akavaa gauni lile ambalo mama yake alikuwa akilipenda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, taulo mapajani. Jirani alijibanza jikoni na roho mkononi. Mama wa katuni akageukia sinki. Sauti ikatoka, kila neno wazi. Bibi akaacha kukunja taulo. Akageuka taratibu, akamtazama mwanamke aliyekaa kitandani kwake, akamtazama kweli, kuanzia nywele mpaka miguu. Mama Katuni akamwona mama yake ananyoosha mkono. Mkono ukaushika wake, mkavu, wa moto, ukambana.

"Mama," alisema Mama Katuni.

"Nimeambiwa nikushike," bibi alisema kwa upole, na akarudisha macho kwenye televisheni. "Mwanangu ana huruma sana. Hata wageni anawaombea."

Alimshika mpaka kipindi kikaisha, kwa sababu mwanawe alimwambia amshike. Kisha akamwachia na kuomba msamaha kwamba amechoka.

Huko nje nako mambo yalikuwa yanachemka. Simu zilianza kuingia kituoni asubuhi yake. Watoto mji mzima walikuwa wamekataa kulala. Ni mwanamke gani huyo anayekaa kitandani jioni? Anaingilia wapi? Kwa nini anataka kushikwa mkono? Wengine walihamia kwa wazazi wao na magodoro yao. Baba mmoja alipiga akasema mwanawe ameweka viti juu ya kitanda ili mtu asipate pa kukaa. Mama mwingine alisema, na hili bosi alilirudia neno kwa neno, kwamba katuni ile ilikuwa ndiyo mahali pekee alipoweza kumwacha mwanawe akaenda kupika bila kuchungulia, na sasa humo nako mmetuletea jini.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti. "Watu wanaipenda kwa sababu hakuna cha kuogopa ndani," alisema. "Hicho tu. Hatuna kingine tunachowapa. Wewe umewaingizia mtu kitandani."

"Ni mama yangu," Mama Katuni alisema.

"Mama yako ndiye anayekaa kitandani?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayekaa."

Bosi hakuelewa, na ukweli ni kwamba hata kama angeeleweshwa simu zisingeacha kulia. Alisema pole. Alisema vipindi vyote vilivyobaki vitarudiwa kwa sauti nyingine, na kila kitu kitasemwa kama kilivyoandikwa. Mama Katuni hakuomba kazi. Aliomba neno moja, hilo "mama" tu, liachwe, hata akisema mwingine. Na mwalimu, yule yule aliyenuna miezi na miezi, alisimama mlangoni akasema, "Bosi, liachwe. Ni zuri kuliko langu." Bosi akatikisa kichwa: kama kilivyoandikwa.

Sauti mpya ilikuwa ya binti mmoja mchangamfu, sina neno baya juu yake. Jioni ya kwanza bibi alikaa kwenye kiti chake mapema, nywele amechanwa, anasubiri. Mama wa katuni akatoa sufuria jikoni. "Njoo, mpenzi, njoo ule!"

Bibi hakuinuka. "Huyu anaongea na nani?" akamuuliza jirani.

Siku ya kwanza alisema mwanangu ana mafua, ndiyo maana sauti imebadilika. Baadaye alisema amesafiri kikazi, ameacha mtu wa kumshikia nafasi. Kila jioni alikaa pale, na kila jioni yule mama wa kichwa duara alicheka na watoto wake, baba akaharibu bomba, bibi wa katuni akajifanya kiziwi, raha mustarehe, na hakuna aliyemwita. Chakula kilipoa. Mama Katuni, ambaye sasa alishinda nyumbani, alimbembeleza kwa kijiko, "Kula, mama," na bibi akageuza uso. Alikuwa amebaki mwepesi kama lile taulo.

Halafu siku moja, katikati ya kipindi, bibi akainuka mwenyewe, akaizima televisheni. Akasukuma stuli mpaka ukutani, akasukuma na kiti, katikati ya sebule pakawa tupu. Akafungua mlango wa nje akauacha wazi.

"Mama, unafanya nini?" Mama Katuni alitoka jikoni mbio.

"Watu watakuja. Pawe na nafasi."

"Watu gani?"

"Mwanangu amekufa," bibi alisema. "Angekuwa hai angeniita. Hajawahi kukaa siku zote hizi bila kuniita."

"Sijafa, mama! Mimi huyu hapa! Nitazame!" Alimshika mabega, alipiga kelele, ndiyo, alipiga kelele, nani asingepiga? Bibi akampapasa mkono.

"Asante kwa kuja, dada. Tafuta pa kukaa."

Masikio alipopata habari alikuja mbio na kompyuta yake ndogo kwapani. Alikuwa amenakili vipindi vya zamani, na hilo lingeweza kumgharimu kazi, lakini hakujali. "Huyu anahitaji kusikia sauti tu," alisema, "tatizo liishe." Akaiweka mezani, akafungua. Mama wa kichwa duara akatokea, sufuria mkononi, na sauti yenyewe, ile ile, ikajaa sebule. "Njoo, mama, njoo ule!"

Bibi aliinua uso. Kwa kitambo kidogo macho yake yaliwaka, na Mama Katuni alimshika Masikio mkono akambana. Kisha bibi akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Zimeni!" alilia. "Zimeni hiyo! Mtoto wangu amelala, mnamsemesha kwa nini? Nani aliyewaruhusu kumchezea marehemu sauti?"

Masikio alifunga kompyuta haraka mpaka akajibana kidole. Alisema samahani mama, samahani sana, na bibi aliendelea kulia, na yule fundi ambaye alishasikia kila aina ya kilio kwenye mashine zake hakuweza kukisikiliza kile. Aliondoka bila kuaga vizuri.

Ikapita siku nyingine bila bibi kutia kitu mdomoni. Jirani ndiye aliyemvuta Mama Katuni jikoni. Hakuwa anacheka tena. "Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Mwanamke huyu amefiwa na hakuna aliyempa pole. Wote tunamwambia hajafiwa. Wewe ungekula?"

"Unataka nimpe pole ya kufa kwangu mwenyewe?"

"Nataka ale," jirani alisema.

Mama Katuni alinawa uso. Alichukua bakuli la uji, akaenda sebuleni, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Alishasema maneno ya watu wengine maisha yake yote, na haya yalikuwa ya watu wote, ila hayakutaka kutoka.

"Pole, mama," alisema hatimaye. "Pole sana kwa kufiwa."

Na bibi akapumua. Alimshika mkono, safari hii bila kuambiwa na mtu. "Asante, dada. Wewe ndiye wa kwanza kunipa." Kisha akaanza kusimulia. Jamani, alikumbuka kila kitu! Alisimulia jinsi mwanawe alivyokuwa akilala mchana ndani ya kikapu cha mashuka, hospitalini, mtoto mdogo hivi, na mashine zinanguruma. Alisimulia jinsi alivyojifunza kuiga sauti ya nesi mkuu mpaka manesi wakubwa wakakimbia kurudi kazini. Siku aliyopasuka kidevu. Wimbo aliokuwa akiimba kwenye ngazi. Gauni la njano. Hakukosea hata mahali pamoja. Mtoto mzima alikuwa humo ndani, hakuna kilichopotea, na mwenyewe amekaa sakafuni anasikiliza habari zake kama za mtu aliyekwenda. Alilia mpaka akashindwa kushika bakuli.

"Dada," bibi alisema, akiinama kumtazama, "unalia kunishinda mimi niliyemzaa. Kwani alikuwa nani wako?"

Mama Katuni alijifuta uso kwa kiganja. "Tulikuwa tukifanya kazi pamoja," alisema.

"Kumbe! Alikuwa akinitaja?"

"Kila siku, mama."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akafungua mdomo. Akala kijiko cha kwanza, akala cha pili, akamaliza bakuli.

Asubuhi yake alikuwa amesahau uji, amesahau mgeni aliyempa pole, amesahau yote aliyosimulia. Msiba ndio aliokuwa hajausahau. Alikuwa amefungua tena mlango, kiti kiko ukutani, anasubiri watu, na chai yake haijaguswa. Mama Katuni alimtazama kutoka jikoni. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akavua viatu kwenye kizingiti cha mbele, akabisha hodi.

"Pole, mama," alisema. "Nimesikia leo."